Malalamiko Dhidi ya Fundi Anayegonga Flaiwili

Duka la Spea Kuukuu,
Rongo.

Kwa Mwenyekiti wa Wauza Spea,
Jaduong' Elkana,

Nakuandikia kwa heshima, mzee wetu, mimi mwanachama wako mtiifu ninayehudhuria hata mikutano isiyo na chai. Nimejeruhiwa moyoni na fundi mmoja wa kike aitwaye Metrine, mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta.

Mambo yalianza hivi. Mama Filister, yule anayenunua omena, dagaa wa ziwani, kule Homa Bay na kuileta huku kwa pikapu, alipatwa na shida ya klachi. Gari likipanda mlima lilinguruma bila kusonga, na kunuka kama nywele zilizoungua. Akaja kwangu kwa imani, nikamuuzia flaiwili, ile sahani nzito ya chuma inayokaa kati ya injini na klachi. Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Kesho yake niliitwa gereji, nikatendewa yafuatayo:

1. Metrine aliiosha kwa petroli mbele ya watu. Rangi ya fedha niliyoipaka kwa mkono wangu ikaisha yote, na chini yake yakatokea madoa ya buluu. "Hii imeungua," akasema. Nikamweleza kwa upole kwamba buluu ni rangi ya kiwandani. Mafundi wote wakacheka, hata yule aliyekuwa chini ya lori.

2. Alilaza rula ya chuma juu yake, akamwita Mama Filister achungulie. Mwanga ulipita chini ya rula, eti chuma kimebonyea. Jaduong', tangu lini mwanga ukawa dosari?

3. Alipitisha ukucha, ukakwama kwenye nyufa. Kisha akaitundika kwa waya na kuigonga kwa nyundo ndogo. Anadai chuma kizima hulia kama kengele. Yangu ilisema "kpu". "Sikia, inakohoa," akasema. Nikajibu kwamba imetoka Japani juzi, bado ina uchovu wa safari.

4. Alidai meno ya pembeni, yale yanayoshikwa na stata wakati wa kuwasha gari, yameliwa. Wewe mwenyewe Jaduong' una mapengo mbele, na hakuna nyama inayokushinda.

Nilipomsihi aifunge tu, Mungu atasimamia, aliweka nyundo chini. "Zadock, hii ikipasuka gari likiwa mbioni, vipande vitatoboa sakafu vitafute miguu ya huyu mama."

Mama Filister akaitazama miguu yake. Alijitwika flaiwili kichwani kama debe la maji, akapita nayo soko zima, na kila aliyemuuliza ni nini alimjibu, "Ni ya Zadock." Akaitua mlangoni pangu. Sasa amefungiwa nyingine, iliyokaguliwa, na pikapu yake inapanda mlima bila kunuka, jambo linaloniumiza sana.

5. Ugonjwa umeenea. Wateja wanakuja dukani na rula zao. Kule Ogwedhi mnunuzi mmoja alimfungua ng'ombe mdomo, akaona haitoshi, akamgonga pembe asikilize. Vijana nao wamelaza ubao kwenye lami mpya, ile iliyozinduliwa kwa ngoma na hotuba. Mwanga ulipita. Mkono ulipita. Kuku alipita. Tukinyamaza, watagonga ahadi za wagombea, na "kpu, kpu" itasikika hadi Tanzania.

Kwa hiyo naomba chama kipige marufuku petroli, rula na nyundo. Flaiwili ikaguliwe kwa njia iliyotulea sisi sote: mteja amtazame muuzaji usoni, aamini, aende.

Nisalimie mama watoto, kamati yote, majirani wa pande zote mbili, na yule shemeji yako asiyenijibu nikimpungia mkono.

Wako katika biashara na uvumilivu,

Zadock Ogweno

Tanbihi: Kabla hujaisomea kamati barua hii, tafadhali pitia kwa Metrine. Nimenunua gari kuukuu kule Migori, na Jumamosi litampeleka mama yangu hospitali Homa Bay. Nikiachia klachi linatetemeka kama mwenye malaria. Mwambie aje kwa mlango wa nyuma, na vyombo vyake vyote. Aliyeniuzia ana tabasamu zuri mno, Jaduong', na biashara hii naijua.