Matairi Mapya Ndani ya Buti

Leo nimeaibika mbele ya basi zima la watu. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa Célestin. (Hatasema. Huyo mtu hasemi watu. Ni sababu mojawapo ya kutompenda.)

Kwa wageni wa kundi hili: Célestin ni mume wa Mama Neema. Mama Neema alikuwa mke wangu. Nilimpoteza kwa makosa yangu, na hilo nimeshalikubali mbele ya mchungaji na mbele ya wakwe. Ila kukubali kosa ni jambo moja, kumwona mwanaume mwingine akimfungulia mlango wa gari ni jambo lingine. Mpaka leo namwita Mama Neema, maana jina hilo alilipata kwangu na Célestin hawezi kulibadilisha.

Mambo yalianza mwezi wa kumi, kwenye ubatizo kule Auderghem. Wanaume tulikaa pembeni tukijadili matairi, maana baridi ilikuwa inakuja. Célestin, kwa ile sauti yake ya upole, akasema yeye ameweka matairi ya misimu yote: Brussels theluji huanguka siku chache tu, hayo yanatosha, na huhangaiki kubadilisha mara mbili kwa mwaka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama Neema naye akaitikia.

Hapo ndipo niliposhikwa na wivu. Nikasimama. Nikawakumbusha kwamba nimefunga milango ya magari miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha Forest, kabla chenyewe hakijafungwa. Nikasema tairi la misimu yote ni kama mtu wa vyama vyote: kila mkutano yupo, siku ya kura humwoni. Walicheka sana. Nikanogewa, nikasema mimi nina matairi ya baridi hasa.

(Sikuwa nayo.)

Jumatatu nikanunua manne, mapya, yenye ule mchoro wa mlima na chembe ya theluji ubavuni. Basi uongo ukawa kweli, nikatulia. Lakini sikuyafunga. Novemba ilikuwa na joto, na mpira wa tairi la baridi ni laini, unalika upesi kwenye lami kavu. Nikayashusha chumba cha chini ya nyumba, nikayafunika shuka. Kila wiki nilishuka kuyatazama. (Najua. Msiseme kitu.)

Juzi binti yetu Neema kajifungua. Mjukuu wangu wa kwanza, msichana. Mume wake hana gari. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, na lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki: nani atamleta mtoto nyumbani? Babu wa damu, au babu wa ndoa?

Leo asubuhi nafungua pazia, nje ni nyeupe. Simu ikalia. Neema akaniambia wanatoka hospitali saa tano, na kwamba Tonton Célestin (ndivyo anavyomwita huyo baba wa kambo) amejitolea kuwachukua kwa sababu ya theluji.

"Papa, sema kweli. Pneu za hiver uko nazo?"

"Niko nazo."

"Bon. Kuja wewe."

Nilicheza peke yangu jikoni. Aliuliza kama nina matairi ya baridi. Hakuuliza yako wapi.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nipakie matairi, nipite gereji wanifungie, halafu nipande hospitali. Hayakuwa na rimu, nisingeweza kuyafunga mwenyewe. Nikayapandisha ngazi moja moja, na miaka yangu sabini na moja na goti bovu, nikayapanga manne ndani ya buti. Gari likainama nyuma kama kuku anayetaga.

Gereji, foleni ya magari ilizunguka kona. Fundi alinitazama kwa huruma, akasema, papa, mji mzima umegundua leo kwamba kuna baridi, rudi mercredi, yaani Jumatano.

Ilikuwa saa nne na nusu. Ningeweza kumpigia Neema nimwambie: mwanangu, nimekosa, mwite Célestin. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikayameza, nikawasha gari. Nani huinama kuangalia tairi la mtu?

Mlima wa Forest mnaujua. Nusu ya kwanza nilipanda vizuri, nikaanza hata kupiga mluzi. Kisha magurudumu yakazunguka na gari likasimama. Nikakanyaga mafuta zaidi. (Dereva mzuri hakanyagi zaidi.) Gari likaanza kurudi nyuma polepole, kwa heshima, kama mtu anayeaga kikao cha wazee. Breki, wapi! Likageuka upande, likaziba barabara yote, na mkia ukazama kwenye mifuko ya taka, ya njano na ya buluu, iliyopangwa kando ya njia.

Basi likashuka kutoka juu, likasimama. Abiria wakafuta ukungu kwenye vioo ili waone vizuri. Na kutoka chini likaja gari dogo jekundu, linapanda bila haraka, kama siku ya kawaida.

Mnajua ni nani.

Célestin alikuwa anampeleka Mama Neema hospitali na sufuria ya uji. Alishuka, akanisalimia kwa mikono miwili, hakucheka. Akasema atanivuta, tusiwazuie watu.

"Grand frère, ile ndoano ya kuvutia gari iko wapi?" Ati kaka mkubwa.

Ndoano hukaa chini ya sakafu ya buti, pamoja na jeki. Yaani chini ya matairi.

"Acha," nikasema. "Tusukume tu."

"Hapana, utaumia muguu." Akasogeza mifuko ya taka, akafungua buti.

Manne. Mapya. Karatasi za dukani bado zimebandikwa. Na shuka juu.

Célestin aliyatazama. Akatazama magurudumu yangu. Akayatazama tena. Dereva wa basi, aliyekuwa ameshuka kusaidia, naye akachungulia, kisha akarudi haraka kuwaeleza abiria. Nikaona vichwa vyote vikihamia upande mmoja wa basi.

Mama Neema alisimama kando, sufuria imefungwa kwa kitenge. Hakupaza sauti.

"Célestin, usishangae. Huyu kitu kizuri anafichaka, kisizeeke. Mimi alinitunzaka vile miaka kumi na tisa."

Ni kweli, ndugu zangu. Kila nguo nzuri niliyomnunulia nilimwambia aiweke kwa siku kubwa, na siku kubwa haikufika. Maneno mazuri nayo niliyaweka hivyo hivyo.

Célestin akatoa matairi, akayaegemeza ukutani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari, akapata ndoano, akanivuta hadi kando, kisha akayarudisha matairi ndani ya buti. Kutoka gari langu niliokoa kiti cha mtoto tu. Nikapanda nyuma ya gari jekundu. Matairi ya misimu yote yakapanda mlima mzima. Nilikuwa nayasikiliza. Niliomba yateleze, kidogo tu. (Na mimi nilikuwa ndani.)

Hospitali, Neema akaniuliza vipi yale matairi. Célestin akaniwahi:

"Papa yako ako na pneu za hiver za muzuri sana. Nimeziona na macho yangu."

Nikaona hata kwa wema atanishinda. Basi nikamwambia Neema ukweli wote mwenyewe, kuanzia ubatizo wa Auderghem hadi shuka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akasema nikae nyuma na mtoto, kwa sababu mwenye kuendesha hawezi kumwangalia.

Njia nzima mjukuu alikishika kidole changu. Célestin akatutazama kwenye kioo mara tatu. Nikamwambia aangalie barabara.

Matairi yangu ni mazima, hayajalika hata kidogo. Anayetaka kucheka acheke chini chini, mtoto amelala.