Ini la Emmanueli Wangu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Bado nikisikia gari la watalii analoendesha Emmanueli likirudi kutoka kreta ya wanyama, moyo unaruka kama siku ya harusi. Lakini mume wangu anachoka ovyo, na anahisi uzito chini ya mbavu za kulia. Daktari wa hapa Karatu atalipima ini lake kwa ultrasaundi Jumatano. Asile chochote tangu usiku. Wifi Brigita amesema kaka yake hakuwa hivi kabla ya kunioa. Yaani mimi? Niliyempa mashavu yale na kitambi kile kizuri? Mungu amponye, na picha initetee.

Jumatano, 11 Juni

Baridi, ukungu mpaka mlangoni. Mume aondoke na tumbo tupu kama hana mke? Nimempa chapati na chai ya maziwa, nikamwomba asiseme. Ananipenda, hakusema.

Mashine ikasema. Daktari alimpaka jeli, akapitisha kile kidude ubavuni, akaguna. Tumbo limejaa hewa, mfuko wa nyongo umesinyaa, ini halionekani vizuri. Akauliza nani kamlisha. Nikasoma bango la chanjo ukutani kwa makini sana. Turudi Ijumaa.

Ijumaa, 13 Juni

Brigita alilala kwetu, akafunga jiko, ufunguo akautia kifuani. Nilimchukia mpaka asubuhi.

Ini limeonekana! Jeupe kuliko figo iliyo jirani yake. Daktari amesema weupe ule ni mafuta, ila halijapata makovu. Akipunguza mafuta na sukari, akatembea kila siku, linaweza kupona. Nililia, nikambusu mbele ya wajawazito wote wa foleni. Kisha daktari akauliza anakula nini. Emmanueli akataja kwa fahari: vitumbua vya samli, mbuzi wa kukaanga, soda ya kushushia. Mke wangu hanipunji, daktari, akasema. Brigita akanigeukia: “Wifi, picha yako hiyo. Itundike sebuleni.”

Jumapili, 15 Juni

Nimebadilika kabisa. Samli yote nimempa jirani Zuena. Baada ya ibada Emmanueli alianza kutembea, njia ya Endamarariek, mgongo wima, mzuri huyo. Nilimtazama mpaka mahindi yakamficha. Ghafla nikawaza: akikonda, watu watasema simtunzi. Nikaita bodaboda. Nilimkuta kilimani anahema, nikamwandalia jiweni kuku mzima wa kukaanga niliyemnunua njiani, bado wa moto. Daktari hakutaja kuku. Alikula mpaka akafumba macho. Tumerudi wote kwa bodaboda, maana mtu aliyetembea vile lazima apumzike.