Sakafu ya Darini kwa Bwana Futi

Kijana mmoja aitwaye Kasuku aliingia uani akitafuta chumba cha kupanga bila kulipa. Alikwisha kufanya hivyo katika nyumba saba, kwa hiyo ya nane haikumtisha. Alimkuta mwenye nyumba amepiga magoti jikoni, makalio nje, kichwa chini ya meza.

"Mtu mfupi angetosha," ilisema sauti kutoka chini ya meza. "Akikunja miguu."

Huyo ndiye Bwana Futi. Jina lilitokana na futi ya chuma iliyoning'inia kiunoni mwake tangu anapoamka hadi anapolala. Nyumba ilikuwa na vyumba tisa na yeye alikuwa amepangisha kumi na moja. Mpangaji mmoja alikaa kibarazani. Mwingine, mwalimu wa hesabu, alilala kwenye stoo ya mkaa na kila asubuhi alifika shuleni mweusi tii mpaka wanafunzi wakamwomba kitambulisho. Tumbo la Bwana Futi lilikuwa kubwa, na mimi naamini lingekuwa na mlango angelipangisha pia.

Sasa, siwasifii matapeli, lakini haki ya mtu mpe: tapeli hodari kwanza hutazama, ndipo husema. Kasuku akatazama. Kwenye pembe ya ua, chini ya turubai, aliona mbao za mvule, nene, ndefu, zilizokauka vizuri. Akazihesabu kwa jicho moja. Arobaini na nne. Mate yakamjaa. Akainua macho juu, akaona paa refu la mabati, na kwenye ncha ya ukuta chini ya paa, tundu la hewa linalotazama uchochoroni. Mbao ingepita pale. Mtu asingepita, lakini mtu hakuwa na haja ya kupita.

"Mzee wangu," akasema, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, "huko darini anakaa nani?"

"Panya."

"Wanalipa kodi?"

Bwana Futi akatoka chini ya meza kwa haraka, akajigonga kisogo. "Hawalipi!"

"Basi hapo ndipo unapoibiwa. Chumba kikubwa kuliko nyumba nzima umewaachia panya bure. Boriti zipo, paa lipo, kimekosa sakafu tu. Mbao unazo pale uani, mikono ninayo hapa. Tunazilaza juu ya boriti, tunapigilia, kwisha habari. Na malipo sitaki hata senti mpaka siku utakayoikanyaga mwenyewe kwa mguu wako."

Neno "sitaki" lilimwingia Bwana Futi kama maji ya baridi siku ya jua. Akavuta futi, akairudisha, akaivuta tena. "Lakini huko juu atakubali kupanda nani?" Kisha uso ukamng'aa. "Mama mkwe! Yeye nitampandisha. Chumba chake ndicho kizuri kuliko vyote. Mara ngapi nimekipima akiwa sokoni!"

Hapa lazima niseme jambo, nisipolisema litanikaa kooni. Nyumba ile haikuwa ya Bwana Futi. Ilijengwa na marehemu mume wa huyo mama mkwe, seremala, na hizo mbao za mvule zilikuwa zake pia. Bwana Futi alikuja kama bwana harusi, na begi moja na futi moja, na kidogo kidogo akajifanya mwenye nyumba. Mama wa watu akanyamaza kwa ajili ya binti yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miaka sabini, fundi cherehani, na mtaa mzima ukimwita Bibi Cherehani. Kazi yake aliifanya dirishani. Wateja walisimama uchochoroni, wakampa nguo dirishani, wakachukua nguo dirishani, na katikati wakapiga soga. Akipandishwa darini, cherehani isingepanda ngazi, wala wateja wasingepanda. Ingekuwa ndiyo basi.

"Mama, tunakuandalia ghorofa," Bwana Futi alimpasha habari. "Hewa safi, karibu na mawingu."

"Baba, karibu na mawingu watu hupelekwa wakishakufa," alijibu Bibi Cherehani, akaendelea kushona. Lakini aliumia. Mkwe wake alipoondoka alilia juu ya suruali ya mteja, kisha ikabidi aipige pasi upya.

Kazi ikaanza. Bwana Futi mwenyewe alisimama chini ya tundu la kupandia darini na kupandisha mbao moja moja, huku akihema na kuhesabu. Kasuku juu alizipokea, akatembea nazo kwa kunyata juu ya boriti, maana ukikanyaga katikati unatokea sebuleni bila kubisha hodi, akazitolea kwenye tundu la hewa. Chini uchochoroni alisubiri mshirika wake, msukuma mkokoteni aitwaye Breki kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nazo. Mpango ulikuwa Breki azifiche mahali, kazi ikiisha wauze, wagawane, wapotee. Baada ya kila mbao Kasuku alilala chali na kugonga msumari mmoja kwenye kipande kimoja, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Msumari ule uligongwa mpaka ukawa bapa.

Siku ya pili Bwana Futi akataka kukagua. Akapanda ngazi. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likakataa. Si kupanda, si kushuka. Ilibidi mke wake amshike mguu mmoja na mwalimu wa hesabu mwingine, na mwalimu, kwa sababu ya ile stoo, alivuta kwa moyo wote. Tangu hapo Bwana Futi akawa anakagua kwa mpini wa ufagio. Alisimama sebuleni, akagonga dari, akatega sikio. Alikuwa na elimu yake mwenyewe: penye mbao panasema "ko", pasipo na mbao panasema "pu".

"Fundi! Hapa juu ya kabati pamesema pu!"

"Gonga tena, bosi, ulikosea mkono," Kasuku alijibu, huku akitambaa mbio na mbao moja aliyoibakiza kwa shughuli hiyo, akaibandika juu ya kabati.

"Ko," likasema dari.

"Aa! Sasa sawa." Na Bwana Futi akaenda kugonga juu ya mlango, na mbao ikamfuata, na juu ya redio, ikamfuata. Kwa sikio lake sebule nzima ilikwisha kuwekewa sakafu, tena nzito.

Kosa la Kasuku lilikuwa moja. Kutoka darini hakuona kilichokuwa chini kabisa ya lile tundu la hewa. Palikuwa na dirisha la Bibi Cherehani.

Bibi alikuwa anatunga uzi mbao ya kwanza ilipoteremka mbele ya pua yake, taratibu, kama mgeni anayeogopa kuamsha watu. Akasimamisha cherehani. Mbao ya marehemu aliijua, kila moja ilikuwa na alama ya penseli yake. Hakupiga kelele. Alichungulia, akamwona Breki.

"Kijana, hiyo mali yangu unaipeleka wapi?"

Breki akataka kukimbia, lakini suruali yake ilifungwa kwa waya, na waya ukakatika. Akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye mbao, mkono mmoja kwenye heshima yake.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba. Unaoa lini?"

"Umejuaje, bibi? Jumamosi, wiki mbili zijazo."

"Mwanamume anayeiba mbao mchana kweupe ana harusi au ana ugonjwa, na wewe ni mzima. Utaoa na suruali hiyo?"

Breki akainama. Mchumba wake alikuwa amekwisha kuiulizia suti mara mbili, na mara ya pili hakuuliza kwa upole.

Wakaelewana hapohapo, dirishani. Kuanzia siku ile Breki alipakia mbao, akazisukuma mpaka mwisho wa uchochoro ili Kasuku asikie magurudumu yakitokomea, akazunguka nyumba tatu, akarudi kwa kunyata na kuziingizia dirishani. Bibi alizipanga chini ya kitanda. Kitanda kikaanza kupanda. Kufikia mbao ya thelathini, bibi alikuwa anapanda kulala kwa kiti, na koti la suti lilikwisha kupata mikono yote miwili.

Mbao ya mwisho ilipotoka, Kasuku alijipangusa vumbi, akatabasamu peke yake, akasogea kwenye tundu ateremke. Ngazi haipo.

"Kijana," sauti ikamfikia kutoka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole kwa kazi. Zimefika arobaini na tatu, pamoja na hiyo unayomtembezea mkwe wangu, arobaini na nne. Hizo arobaini na tatu ziko chini ya kitanda changu."

Kasuku akaketi juu ya boriti.

"Sasa nataka sakafu," akasema Bibi Cherehani. "Ya kweli. Ikiisha, ngazi itarudi. Ukitaka, piga kelele, mkwe wangu aje, nami nitamtafutia mtu mwembamba apande kukutazama."

"Lakini mama, mimi sijui hata kupigilia msumari!"

"Nimeishi na seremala miaka arobaini. Nitakufundisha."

"Na sakafu ikiisha si wewe watakayekupandisha huku? Mimi nakuonea huruma, mama yangu!"

"Huruma yako weka mfukoni, itakufaa. Chukua nyundo."

Basi Breki akawa anazifunga mbao kamba, na Kasuku akawa anazivuta kupitia tundu lilelile alilozitolea, huku akimwita mshirika wake majina ambayo kalamu yangu inayaonea haya. Breki alimjibu kwa unyonge tu, "Nisamehe, kaka, lakini suti ina kola ya kisasa."

Siku tisa Kasuku hakushuka. Chakula kilipanda kwa kapu. Palikuwa na ndoo pia, na habari za ndoo adabu inanizuia. Bibi alikaa chini ya tundu na vitambaa vyake, akishona na kuamrisha. "Ungio la mbao likae juu ya boriti, si hewani! Boriti hii imelegea, iongezee kipande cha mbao ubavuni kwanza. Rudia. Msumari umepinda, nimesikia, ng'oa." Kasuku alilia, alibembeleza, aliapa, alisifu mpaka urembo wa bibi. Yeye akasema, "Rudia." Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakaota mengine.

Bwana Futi alifurahi kupita kiasi. "Mmeona fundi huyo?" aliwatangazia majirani. "Hashuki! Hata kunywa chai hashuki! Mafundi wa siku hizi wanajua hivyo?"

Siku ya tisa bibi akatoa agizo la mwisho. "Tundu la kupandia lipanue vidole vinne kila upande."

"Una hakika litatosha, mama?"

"Suruali zake nazishona mimi."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, ngazi ikarudi na Kasuku akashuka. Bibi aliwaita wapangaji wote na binti yake waje washuhudie. Bwana Futi akapanda, akavuta pumzi kwenye tundu kwa mazoea, akashangaa kupita kama barua. Akazikanyaga mbao za mvule. Zilitulia, hazikulia. Akaruka. Akapima urefu, akapima upana, akapiga mluzi.

"Pazuri, baba?" aliuliza Bibi Cherehani kutoka chini, kwa sauti nyonge.

Bwana Futi akaona hii ndiyo nafasi ya kumlainisha. "Mama, ni peponi! Nafasi tele!"

"Hakuna joto?"

"Joto gani? Ubaridi mtupu!" akasema, na tone la jasho lake likaanguka kwenye upara wa mwalimu wa hesabu.

"Mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kulala huko?"

"Mama, mwenye nyumba ndiye anayefaa kulala huku! Mtu akipanda hatataka kushuka!"

"Mmemsikia?" bibi akawageukia watu.

"Tumemsikia!" wakajibu wapangaji, na mwalimu alisikika kuliko wote.

"Basi nimefurahi umepapenda, baba. Mwanangu, mpandishie mumeo godoro lake. Chumba chenu mwalimu atahamia leo, wewe utalala kwangu."

Kichwa cha Bwana Futi kikatokea tunduni. Kisha: "Mama, subiri kwanza. Nyumba ni yangu..."

"Hati iko sandukuni kwangu, na jina lililo humo si lako. Chumba changu nimekaa na mume wangu, nimezaa humo, nashona humo, na humo ndimo nitakamofia. Ulikuwa unakipima nikienda sokoni. Nilikuwa naona alama za magoti yako kwenye vumbi." Watu wote wakatazama chini. Binti yake alimtazama mama, akamtazama mume aliyechungulia tunduni, akaenda kuleta godoro.

"Wiki moja tu, mume wangu," akasema, akilisukuma juu. "Tuone kama utataka kushuka."

Kasuku hakungoja kusikia zaidi. Alipenya katikati ya vicheko, mikono imevimba, mgongo umepinda, hana mbao, hana mshirika, hana hata msumari. Alitaka kitu kimoja tu, kuuacha mtaa ule. Mlangoni akakuta watu kama kumi na watano wamesimama, wamevua kofia. Habari za fundi asiyeshuka zilikuwa zimeenea.

"Fundi, kwangu dari lipo tupu," alisema mwenye duka la dawa.

"Na kwangu, fundi. Vyumba viwili."

Kasuku akawatazama. Alikuwa amechoka mno, hata uongo haukumjia. "Jamani, mimi si fundi. Mimi ni tapeli. Nilikuja kuiba mbao. Naapa kwa mama yangu."

Watu wakatazamana kwa heshima kubwa.

"Mnamsikia?" akasema mwenye duka la dawa. "Wengine hujisifu hata kabla ya kushika nyundo." Akamshika mkono taratibu, asimtoneshe malengelenge, na wenzake wakamzunguka huku na huku, wakampeleka kazini.