Godoro la Mama Mkwe na Simu Iliyosoma Sifuri

Jumatatu, 4 Machi
Furaha iliyoje! Idara ya Fizikia inatafuta Mratibu wa Ufundishaji wa Kidijitali. Mwenye nia atafundisha somo moja mbele ya Mkuu wa Idara, Ijumaa. Mimi, mtunza maabara kwa ajira na mwanafizikia kwa kujisomea, nimekwisha kuwasilisha maombi. "Kwa heshima na taadhima" imo katika kila aya. Mpinzani ni mmoja tu: mhadhiri tumwitaye Bwana Chaki, kwa sababu ya mifuko ya koti lake. Ameisoma barua yangu akauliza kama naomba kazi au naposa. Wivu mtupu!

Nyumbani nimemwarifu mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kwamba cheo nimekipata. Amewapigia simu mashangazi wote.

Jumanne, 5 Machi
Wazo limenishukia! Ndani ya simu mna kihisi kinachopima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyoongezeka. Nitaiangusha kutoka ghorofa ya pili, nayo grafu itajichora kwenye ukuta wa ukumbi. Wanafunzi watauona mvutano wa dunia kwa macho yao: tisa nukta nane! Pasipo vumbi la chaki! Kinahitajika kitu laini cha kuipokea. Nyumbani lipo godoro moja nene. Analilalia mama mkwe.

Jumatano, 6 Machi
Nimeliomba kwa lugha iliyonyooka. Mama mkwe akauliza, wasomi wote hao, hakuna hata mmoja wa kuidaka? Nikaeleza kwamba mikono huharibu vipimo. Haya baba, akasema, chukua, lakini mgongo wangu ukiuma utaupima nao.

Alhamisi, 7 Machi
Jaribio la faragha. Balaa! Mkononi simu inasoma tisa nukta nane barabara. Nikiiachia, sifuri! Sifuri njia nzima hadi godoroni. Yaani inasinzia wakati wa kazi! Mke wangu, mwenye simu, ameapa kwamba haijawahi kuugua.

Nimechukua hatua ya kiungwana. Nimechora grafu yangu mwenyewe, tisa nukta nane, imenyooka kama rula. Rangi ya samawati.

Ijumaa, 8 Machi
Ukumbi umefurika! Simu ikaanguka. Makofi! Nikaonesha samawati yangu. Makofi tena! Ndipo Bwana Chaki akaomba, kwa upole wa kuudhi, tuione grafu ya simu yenyewe. Mwanafunzi mmoja, mtiifu kupita kiasi, akabonyeza. Sifuri, ukuta mzima! Nikatangaza kwamba simu ni ya mke wangu.

Bwana Chaki akasema sifuri ndiyo jibu sahihi. Kihisi huhisi mkono unaokishikilia. Kikiachiwa kianguke, hakuna kinachokisukuma, basi hakihisi uzito wowote. Wanafunzi wakashangilia kama wamefunga goli. Ndugu yangu, akaniambia, ulikuwa na somo tamu kuliko langu, ukalificha.

Mkuu wa Idara akauliza kwa nini. Nikajibu kwamba si adabu kumwonesha mkubwa sifuri. Cheo amepewa Bwana Chaki.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe amelirudia godoro lake na hanyanyuki. Mashangazi wanapiga kutoa pongezi. Anawajibu kwamba mkwe bado anaanguka.

Wasijali! Nimewaandikia watengenezaji wa programu ya simu inayochora grafu, kwa heshima na taadhima, waiondoe hiyo sifuri. Kesho nitarudia jaribio kwa kompyuta ya Idara. Ni nzito, haiwezi kusinzia ikianguka. Godoro limekaliwa, naam. Ila mto wa mama mkwe, nimeuchungulia, hauna mtu.