Mikono ya Shati la Marehemu

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe katuita sebuleni, mimi na mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu. Namwita Pasi, maana suruali zake zimenyooka utadhani zinaweza kukata mkate. Mama anamshonea mjukuu wake wa kwanza blanketi la viraka, maua matupu. Anataka kila mkwe amshonee ua moja, kwa mkono wake mwenyewe. Kitambaa ni shati la marehemu baba mkwe, la mistari ya buluu. Pasi kapewa mgongo. Mimi mikono. Mikono! Hata hapo kapendelewa.

Mama akaeleza. Unakata vikaratasi vya pembe sita. Unakunjia kitambaa juu ya kila kimoja na kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya kukishikiza kwa muda. Kipande kimoja katikati, sita kukizunguka, unaviunganisha kwa mishono midogo. Mwisho unatoa karatasi. Pasi aliuliza maswali. Mimi niliitikia kwa kichwa kama fundi mkuu. Pasi kaahidi kuleta lake Jumapili. Mimi Jumamosi. Ha!

Jumanne, 5 Machi
Nimekata! Kitambaa na karatasi, ukingo kwa ukingo, vimelingana kama mapacha. Mikono yote miwili imekwisha. Kipaji.

Mke wangu akarudi kutoka zamu ya hospitali, akatazama meza, akauliza sehemu ya kukunjia iko wapi. Nikamjibu kuwa hii ni mbinu mpya. Akaenda kuoga.

Nikajaribu gundi. Vidole vikagandana na ua. Kwa hasira nikatupa kila kitu pipani. Gari la taka likapita. Ndipo akili ikanirudia. Shati la marehemu!

Jumatano, 6 Machi
Nimezunguka maduka yote ya vitambaa. Mistari ya buluu ipo, ila minene kama ya godoro.

Alhamisi, 7 Machi
Nilikwenda kwa Pasi kuazima mkasi. Hayupo. Shemeji akanipa mkasi, akarudi jikoni kuchemsha chai. Uani, kwenye kamba, shati la Pasi. Mistari ya buluu! Sehemu ya chini nyuma si huchomekewa ndani ya suruali? Nani ataiona? Nikakata mkia wote. Halafu nikanywa chai ya shemeji huku mfuko ukiniunguza.

Jumamosi, 9 Machi
Ua langu lilipendeza, gundi haikuonekana hata kidogo. Mama alilipakata kama mtoto. Mara Pasi akaingia na lake, siku moja kabla! Na amevaa lile shati. Alipoinama kumwamkia Mama, shati likapanda, mgongo nje. Akalivuta huku akilalamika kwamba sabuni za siku hizi zinafupisha nguo.

Mama akatazama ua. Akatazama mgongo. Akaniita jikoni.

“Mwanangu, shati lile nimelifua kwa mikono yangu miaka yote. Hili silo. Mikono umeiweka wapi?”

Nikasema. Pipa. Gari la taka. Akanigeuzia mgongo, akafungua bomba. Kwenye sinki hapakuwa na chombo hata kimoja cha kuosha. Heri angenizaba kibao.

Pasi naye ameambiwa. Akasema shati ni shati tu, akanipigapiga begani. Wema wake umenikata maini.

Jumapili, 10 Machi
Mama kanipa mfuko wa kifuani wa lile shati. Alikuwa amejiwekea mwenyewe. Hicho ndicho kipande cha katikati. Sita vingine nitoe kwenye shati langu. Nikaleta la kupakia rangi ukutani. Mke wangu akalirudisha kabatini, akaniletea nililoolea.

Safari hii nimeacha ziada ya kukunja. Mama alikaa kando yangu akinielekeza mshono kwa mshono. Nikajichoma kidole. Akasema marehemu naye alikuwa akijichoma kila akishona kifungo, akacheka kidogo. Sikuweza kuinua uso.

Jumanne, 12 Machi
Limekwisha. Limepinda upande, lakini Mama kaliweka kwenye blanketi, jirani na la Pasi. Aibu haijatoka. Nimeapa: kuanzia leo nisichokijua nitasema sikijui.

Alhamisi, 14 Machi
Mwenye duka la jirani aliniuliza kidole kimefanya nini. Nikamjibu ni mambo ya kazi, mimi ni fundi wa maua ya viraka. Akasema kumbe! Nikasema na mafunzo natoa. Limetoka lenyewe mdomoni!

Kesho asubuhi wanakuja wanawake sita, wateja waliokuwa pale dukani wakisikia. Mmoja analeta gauni la marehemu mama yake, kumbukumbu pekee aliyobaki nayo. Aliuliza kama kuna hatari ya kuliharibu. Nikacheka kifundi. Fundo la kumalizia uzi sijawahi kulifunga, Mama ndiye aliyenifungia. Nimemwambia alete gauni zima.