Menyu Iliyomfisha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Mganga mkuu anataka skrini mpya ya kusajili wagonjwa ifikapo Ijumaa. Miwani, mwenzangu wa masjala, alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo. Nikamuwahi. Nikasema kwangu hiyo ni kazi ya kunywa maji. Uongo mtupu! Lakini programu ya kuchora skrini ninayo: unaburuta kitufe, unakiweka, basi. Nafasi ya msimamizi wa kompyuta iko wazi. Haiendi kwa Miwani.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua menyu ibukizi! Unabofya jina la mgonjwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, orodha inachomoza kama uyoga: Mwite, Mpeleke maabara, Mpe dawa, Amefariki. Nilianza na "Amefariki", nikainakili mara tatu, nikabadilisha maandishi. Dakika mbili! Miwani akauliza kama nimebadilisha na amri zilizo chini yake, yaani kinachotendeka kila neno likibofywa. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge.

Ijumaa, 7 Machi
Uzinduzi. Nilimwita shangazi, aliyenilea, aje na goti lake bovu awe mgonjwa wa kwanza. Mganga mkuu kasimama nyuma yangu. Nikabofya "Mwite". Jina likageuka jeusi: Marehemu. Muuguzi wa dirisha la pili naye anabofya tu, hana habari. Kufikia saa tatu tulikuwa tumepoteza wagonjwa kumi na saba, wote wakiwa kwenye mabenchi wanalalamikia foleni.

Shangazi akainamia kioo, akasoma taratibu.

"Mwanangu, nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Dirisha la dawa likamkatalia: marehemu hapewi vidonge. Akaketi, anasugua goti. Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Miwani akavuta kiti, akarekebisha amri moja baada ya nyingine. Saa sita wafu wote wakafufuka. Vidonge vya shangazi akampelekea mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nafasi kapewa Miwani. Shangazi anauliza kama kijana yule ana mchumba. Mimi nimerudishwa kwenye makabati ya mafaili. Hata hivyo mkunga, ambaye Ijumaa hakuwa kazini, kaniomba skrini ya wodi ya wazazi. Nikasema kazi ndogo. Nimeanza na mstari mmoja: "Mapacha". Nimeunakili mara tano.