Unga Wangu, Chupa Yake

Jumatatu, 4 Machi

Maabara imepokea aina arobaini za unga wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Tunatafuta mmoja tu, unaoweza kunasa kaboni dioksaidi kwenye moshi wa kiwanda na kuacha gesi nyingine zipite. Atakayeupata atasimamia majaribio kiwandani. Atapewa ofisi yenye mlango! Mama mkwe nimeshamwambia ofisi ni yangu.

Shida ni Binti Mizani. Tunamwita hivyo kwa sababu hupima kitu mara tatu. Ana miaka miwili kazini, mimi kumi na mmoja. Leo unga wake, namba 23, umenasa gesi maradufu ya wangu, namba 17. Mkuu wa maabara kaniambia nijifunze kwake. Mbele ya watu! Nimeona wivu hadi chai ikanishinda.

Jumanne, 5 Machi

Jana kabla ya kutoka nililegeza kifuniko cha chupa yake. Unga huu hunywa unyevu wa hewani. Vitundu vikijaa maji, gesi haina pa kukaa. Nikangoja aibike.

Kumbe kila asubuhi huukausha kwenye tanuri kabla ya kupima. Akasema, kwa adabu zake zinazoniudhi, "Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha." Kweli nilimfundisha. Mdomo huu! Wangu niliupima bila kuukausha, kwa pupa ya kumtangulia. Haukunasa kitu.

Jumatano, 6 Machi

Wengine walipokwenda kula, nimebadilisha. Unga wake kwenye chupa yangu, wangu kwenye yake. Zote mbili nyeupe, nani atajua? Alasiri 17 ikapaa, 23 ikaporomoka. Mkuu kanipa mkono. Binti Mizani naye kanipongeza kwa moyo mweupe, jambo lililonipunguzia raha. Nyumbani mke kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamjibu mvumilivu hula mbivu.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Mkuu kataka kila unga upashwe moto uachie gesi, kisha unase tena, mara ishirini. Kasema unga usioachia ni mzigo kiwandani. Ule wa chupa yangu ukang'ang'ania gesi yote. Kufikia mara ya tano haukuwa na nafasi tena. Ule wa chupa yake unanasa kiasi, unaachia, unanasa tena. Mara ishirini bila kuchoka! Ni wangu ule! Lakini kuudai ningeanzia wapi?

Ijumaa, 8 Machi

Ofisi kapewa yeye. Kaomba niwe msaidizi wake, kwa kuwa mimi ni mwalimu wake. Nimebeba meza yake hadi ghorofa ya pili. Mama mkwe kapiga simu kuuliza mlango wangu una rangi gani. Nikasema bluu.

Nimemsimulia mke yote. Kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Anasema kweli, nami nimelielewa kosa langu: nilibadilisha mapema mno. Wiki ijayo zinakuja aina sitini mpya. Safari hii nitangoja hadi mara ya ishirini ipite, ndipo nibadilishe chupa.